Mkeka Hauna Mtani

Katika blogu hii tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Leo naombeni radhi, nitahakiki kijiwe.

Kijiwe chenyewe kiko Mkuyuni, Morogoro Vijijini. Ukitoka mjini unapita Bigwa, unapita Kiroka, barabara ni ile ya kwenda Kisaki, na ukishaanza kuona ndizi na mananasi yamepangwa mafungu mafungu pembeni, huku Milima ya Uluguru imekukalia upande mmoja, ujue umefika. Mimi ni mwandishi wa habari, naishi mjini, lakini kwa mama yangu ni huko, na kwa Waluguru kwa mama ndiyo kwenu. Kila nikipata siku mbili za mapumziko narudi, namsalimia mjomba, halafu naenda kukaa kijiweni. Kuna mabenchi mawili, jiko la kahawa, madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria wa Kinole na Matombo, wazee watatu wenye redio moja, na muuza kahawa ambaye ni Simba lakini hasemi, kwa sababu za kibiashara.

Ninachotaka kusema ni hiki. Maneno ya mpira yanayosemwa pale ni fasihi, tena fasihi yenye kanuni kali kuliko tunavyodhani. Na kuna kanuni moja, iliyo mama wa zote, ambayo kubeti kumeivunja bila sisi kushtuka. Mimi mwenyewe nilichelewa kuliona hilo. Nililiona baada ya kucheka mahali ambapo sikutakiwa kucheka.

Tuanze na kazi bora kwanza, ili tujue tunapoteza nini.

Jina "Mwakarobo" ni kazi bora. Kwa msomaji aliye mbali na mpira wetu: msimu wa 2018/19 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatolewa na TP Mazembe. Msimu wa 2020/21 ikafika tena, ikapigwa 4-0 na Kaizer Chiefs huko Afrika Kusini, ikashinda 3-0 nyumbani, ikatoka kwa goli moja. Mwaka uliofuata ikawa Kombe la Shirikisho, ikatolewa na Orlando Pirates kwa penalti. 2022/23 ikatolewa na Wydad, penalti tena. 2023/24 ikatolewa na Al Ahly, ikifungwa nyumbani na ugenini. Mara tano ndani ya misimu sita, na kila mara ni kwenye mlango uleule. Watani wa Yanga wakawapa jina la ukoo: Mwakarobo.

Hebu litazame jina hilo kama unavyotazama mshororo. "Mwaka-" ni mwanzo wa majina ya Wanyakyusa, majina ambayo kila Mtanzania ameyasikia kwenye daftari la mahudhurio tangu darasa la kwanza. "Robo" ni hatua ya mashindano. Ukiyaunganisha, Simba haijafeli tena, imezaliwa hapo. Robo ndiyo babu yao, ndiyo nyumbani kwao, na mtu halaumiwi kwa kwenda kwao. Halina tusi hata moja. Ndani yake kuna hata sifa iliyofichwa, kwa sababu huwezi kuwa Mwakarobo bila kufika robo. Mwandishi wake hajulikani, kama ilivyo kwa vitendawili na methali, na hakulipwa hata senti.

Lakini uzuri wake mkubwa ni kwamba linaweza kukanushwa na ukweli. Aprili 2025 Simba iliitoa Al Masry kwa penalti, ikavuka robo, ikaitoa na Stellenbosch, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho. Wiki hiyo kijiwe kilikuwa cha Simba. Yule mzee wa redio, Yanga wa tangu ujana wake, ambaye hapa nitamwita Babu kwa sababu kila mtu anamwita hivyo, alikaa kimya akinywa kahawa, akasikiliza kila aliloambiwa. Fainali ikaja. RS Berkane wakashinda 2-0 kwao, ikawa sare 1-1 Zanzibar, kombe likaenda Morocco. Kesho yake Babu akaweka kikombe chini akasema, "Mwakarobo amehama nyumba. Ukoo ni uleule."

Akajibiwa hapohapo na dereva wa boda, kijana wa miaka ishirini na kitu, Simba damu. "Shikamoo, Babu Goli la Ugenini."

Maana Babu naye ana lake. Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya kombe hilohilo na USM Alger. Ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Kushinda ugenini fainali na bado ukakosa kombe, hilo linauma kuliko kufungwa. Babu alicheka mpaka akakohoa. Akaitikia, "Marahaba."

Hapo ndipo ilipo kanuni mama niliyoisema. Utani wa mpira ni wa zamu. Yanga wana 5-0 ya mwaka 1968, Simba wana 6-0 ya 1977 ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Simba wana 5-0 ya Mei 2012, Yanga wana 5-1 ya Novemba 2023, iliyomwondoa kocha Robertinho ndani ya siku mbili. Kila upande una risiti zake. Unayemcheka leo anajua, nawe unajua, kwamba kuna Jumamosi inakuja. Kwa hiyo kosa pekee lisilosameheka kijiweni kwetu ni kufungwa Jumamosi halafu Jumapili usionekane. Asiyekuja kuchekwa amejitoa ukoo. Mwenye kuja, akakaa, akanywa kahawa ya aibu mpaka ikaisha, huyo anaheshimika hata na wapinzani.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata kwa timu zisizo na mpinzani. Sisi watu wa Morogoro tuna Mtibwa Sugar ya Turiani, mabingwa wa nchi 1999 na 2000, timu iliyoitwa kubwa na wakubwa. Mwaka 2024 ikashuka daraja. Mtakumbuka mwanzoni mwa mwaka huohuo sukari iliadimika nchi nzima na bei yake ikapaa. Muuza kahawa, mtu asiyesema, ndiye aliyesema: "Sukari imepanda, timu ya sukari imeshuka." Hakuna aliyeuliza wewe ni timu gani. Ilikuwa ni sisi tunajicheka sisi, kama taifa lilivyojicheka miaka mingi kwa ule msemo unaohusishwa na Rais Mwinyi, kwamba mpira wetu ni kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia hapo. Mtibwa ikarudi Ligi Kuu baada ya msimu mmoja, na utani ule ukawekwa kabatini. Kicheko hicho kinatosha watu wote kwa sababu jeraha nalo ni la watu wote.

Sasa tuangalie mahali utani unapolegea.

Unalegea kwanza unapokuwa ajira. Wasemaji wa klabu wamechangamsha sana soka letu, silikatai hilo. Jerry Muro alipokuwa msemaji wa Yanga aliwagawa watu kuwa "wa kimataifa" na "wa mchangani", na Simba waliokuwa hawajaonja mechi za Afrika kwa miaka walikosa pa kushika. Haji Manara alikuwa mdomo wa Simba, na mwaka 2021 akahamia Yanga na mdomo uleule. Kama kazi ya sanaa jukwaani, ni burudani kubwa. Ila kama utani ina kasoro moja ya msingi: msemaji anaweza kuhama. Babu hawezi kuhama. Anayeweza kuhama hana hofu ya Jumamosi ijayo, na asiye na hofu hiyo maneno yake yanakuwa mepesi, yanatafuta kelele. Ndiyo maana misemo mingi ya wasemaji inaisha na msimu, na Mwakarobo bado anatembea.

Unalegea tena kwenye neno moja tunalolipenda mno: "wameuza". Timu ikifungwa magoli mawili ya kizembe, wameuza. Kipa akipishana na mpira, kapokea bahasha. Neno hili linachekesha, na lina kazi yake ya kutibu: linamwokoa shabiki asikubali kwamba timu yake ni mbovu tu. Afadhali timu yenye wezi kuliko timu yenye miguu mizito.

Tatizo ni kwamba wizi wenyewe upo. Mwanzoni mwa 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wanafukuzana kwa magoli kuwania nafasi ya kupanda Ligi Kuu. Geita wakaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Matokeo kama hayo hata mtunzi wa vichekesho angeyapunguza kidogo ili watu waamini. TFF ikaziadhibu timu zote nne kwa kuzishusha, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, ambayo mwaka uliofuata ikaitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani na kufika fainali. Kenya nako, mwaka 2021, timu ya Zoo ya Kericho iliondolewa kwenye ligi kwa upangaji wa matokeo. Na kiboko cha vyote ni Septemba 2010, Bahrain walipocheza mechi ya kirafiki na Togo wakashinda 3-0, halafu chama cha soka cha Togo kikasema hakikutuma timu yoyote. Wale walikuwa watu tu waliovaa jezi.

Nilipowasimulia kijiweni hiyo ya Togo, Babu aliuliza kwa upole, "Na hawa waliokuja na jezi zetu Jumamosi, mna uhakika ni wenyewe?"

Nilicheka. Baadaye nikajiuliza. Kama kila kipigo ni "wameuza", basi siku ile ya 8-0 na 7-0 tulikuwa na neno gani jipya la kusema? Hatukuwa nalo. Tulikuwa tumeshalitumia kwa kila kipa aliyeteleza. Utani mzuri unabagua: Mwakarobo haliwezi kutumika kwa timu iliyoishia makundi. "Wameuza" linaingia kila mlango, na hapo ndipo linapofeli kisanaa na kimaadili kwa pamoja.

Sasa twende kwenye mkeka wenyewe.

Kubeti kulipoingia kwa nguvu, kulikuja kumevaa jezi zetu. Mwaka 2017 SportPesa iliidhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Nadhani ilikuwa mara chache sana watani hao kuandikwa neno moja kifuani. Kijiweni, lugha ikabadilika. Hadithi ya Jumapili asubuhi haikuwa tena ya Simba na Yanga peke yake. Ikaja tanzu mpya, hadithi ya mkeka uliochanika, nayo ina muundo wake usiobadilika. Kwanza, idadi ya timu. Pili, orodha ya zilizoshinda, inayosemwa polepole. Tatu, timu moja, daima moja, iliyochana. Nne, dakika, ambayo haipungui ya 88. Tano, kiasi cha fedha ambacho msimuliaji alishakitumia kichwani.

Nimesikia hadithi hizi nyingi, na iliyo bora kuliko zote ilisimuliwa na yuleyule kijana wa boda, Simba damu. Niliirekodi kwa simu, maana nilikuwa naandika makala hii, toleo lake la kwanza, la kuchekesha.

"Jamani, timu kumi!" alianza. "Tisa zimeitika kama darasa. Nipo mwalimu, nipo mwalimu. Ya kumi inaongoza moja bila, dakika ya tisini na mbili. Mpira kwa kipa. Kipa mzungu, mshahara wake wa wiki unaweka lami hapa mpaka Kisaki. Piga mbele baba, twende nyumbani! Hapana. Anataka kucheza mpira. Akampelekea straika wa wapinzani mguuni, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha deni. Na deni lenyewe langu!"

Kijiwe kilianguka. Muuza kahawa alishika jiko. Mimi kwenye rekodi nasikika nacheka kuliko wote.

Nakiri kwamba kama usimulizi, ile hadithi haina doa. Ule mfano wa darasa, lile "kwa adabu", ile kasi inayokatwa ghafla. Ila ina uongo mmoja mkubwa, na uongo huo uko kwenye muundo wenyewe, kwa hiyo kila anayesimulia anaurithi. Ni uongo wa "timu moja". Chukua timu kumi, kila moja ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda, timu nzuri kabisa. Zidisha 0.7 mara kumi. Unapata kama 0.028. Yaani mikeka 100 ya namna hiyo, itakayoitika yote haifiki hata 3. Na kama kila timu imepewa odi ya 1.40, mkeka ukiitika unalipwa kama mara 29, kwa hiyo kila elfu 10 inayowekwa inarudi, kwa wastani, kama elfu 8. Yule kipa hakuchana chochote. Mkeka ulichanika ulipokuwa unaandikwa, na kipa katupiwa lawama kwa sababu hadithi inahitaji mtu mbaya.

Utani wa zamu unakuambia: ngoja Jumamosi, nawe utacheka. Hadithi ya mkeka inakuambia maneno hayohayo, ngoja Jumamosi, lakini haina mtu wa upande wa pili. Unayemdai hayupo kwenye benchi. Hanywi kahawa na wewe, hafungwi, haoni aibu, haitwi jina la ukoo. Umebaki wewe unajicheka, na wenzako wanakusaidia kujicheka, na kesho unaweka tena.

Wiki mbili baada ya kurekodi nilirudi Mkuyuni, kijana hayupo. Nikadhani ana abiria. Mjomba ndiye aliyeniambia nyumbani, bila kunilaumu. Boda yake ilikuwa ya mkataba, amebakiza miezi minne iwe yake. Ule mkeka aliweka elfu 60, hesabu ya bosi ya siku sita. Alipokosa akachukua mkopo wa kausha damu ili alipe hesabu, halafu akakosa rejesho, halafu akakosa na hesabu. Bosi akachukua pikipiki.

"Lakini alituambia," mjomba akasema. "Si alisema deni ni lake? Mkacheka."

Nilitoka nje nikaisikiliza rekodi tena. Kweli yupo pale, anasema. Sisi wahakiki tunapenda kujisifu kwamba tunasoma kilicho chini ya maneno. Hiki hakikuwa hata chini. Kilikuwa juu, mwisho wa sentensi, mahali pa kutamkia kishindo.

Mwaka 1963 Mmarekani James Christensen alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala kuhusu utani wa Waluguru. Kichwa chake kinaweka vitu vitatu pamoja: utani, uhuru wa kusema hata ya chumbani, na wajibu wa kijamii. Nilipoisoma chuoni niliona kitu cha tatu ni kama nyongeza ya kisomi. Lakini wazee wetu hawakuvitenganisha. Mtani anayekuja msibani kumwigiza marehemu na kuzuia jeneza mpaka alipwe, ndiye huyohuyo anayeshika jembe, anayepika, anayefanya yale ambayo wafiwa hawawezi kuyafanya siku hiyo. Ruhusa ya kucheka ilikuwa malipo ya kazi. Sisi wa kijiweni tulichukua ruhusa, kazi tukaiacha.

Isipokuwa Babu. Niliambiwa yeye alikwenda kwa bosi wa pikipiki, kwa miguu, bila kutumwa na mtu, akasema huyu ni mtani wangu. Bosi hakukubali yote. Alikubali kurudisha boda kwa mwezi mmoja wa majaribio, hesabu ipelekwe na Babu mwenyewe kila jioni. Deni la kausha damu liko palepale, linalipwa kidogo kidogo. Sina habari ya kufurahisha zaidi ya hiyo.

Toleo la kwanza la makala hii nimelifuta. Rekodi ninayo bado, na nimemwomba kijana ruhusa ya kuandika. Akasema niandike, ila nisitaje jina, mama yake anasoma simu ya dada yake.

Juzi nilikuwa pale jioni. Boda ikaja, kijana akazima injini, akatoa noti mfukoni akazihesabu mbele ya Babu. Babu akazipokea, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa shati.

"Karibu kahawa, Mwakarejesho," akasema.

Kijana akavuta benchi akakaa. "Shikamoo, Babu Goli la Ugenini."

"Marahaba."